Naomba Diski Isiyokufa

Kwa Ndugu Mhariri wa Safu ya Vifaa vya Nyumbani,

YAH: MALALAMIKO RASMI DHIDI YA MAKALA YAKO "NAMNA YA KUCHAGUA DISKI ZA KUAMINIKA KWA HIFADHI YA NYUMBANI," PAMOJA NA MAOMBI MANNE

Ndugu Mhariri, nakusalimu kwa heshima, na natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ni ndefu na mimi si mtu wa kukatiza habari katikati. Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka thelathini na minne nimetunza majalada ya ofisi moja, na katika miaka yote hiyo hakuna jalada lililopotea mikononi mwangu isipokuwa moja, na hilo lilipatikana chini ya makalio ya mkuu wa idara, aliyekuwa amelikalia ili aifikie meza vizuri. Nayasema haya si kwa kujisifu. Nayasema ili ujue kwamba anayelalamika mbele yako si mtu wa kupoteza vitu hovyo hovyo.

Mke wangu naye ni mstaafu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wanafunzi walimpachika jina la Kengele, kwa sababu siku kengele ya shule ilipoibiwa mwalimu mkuu hakuhangaika kutafuta nyingine. Mke wangu alikuwa anasimama mlangoni, anaita mara moja tu, na watoto wa shule ya jirani nao wanaingia madarasani. Nimeishi na sauti hiyo miaka thelathini na moja ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Sijawahi kuuliza chakula kiko tayari au la. Nilikuwa naambiwa, na mtaa mzima unaambiwa pamoja nami.

Mwanzoni mwa mwaka huu sauti hiyo ilianza kukwaruza. Daktari wa koo alimtazama, akaona kiuvimbe kwenye nyuzi za sauti, akasema kitakatwa. Akasema pia, kwa ule upole wa madaktari unaotisha kuliko ukali, kwamba baada ya operesheni mgonjwa atakaa wiki sita bila kutamka hata neno moja, na kwamba sauti itakayorudi huenda ikawa ileile, huenda ikawa nyingine, na huenda isirudi kabisa. Mke wangu akauliza kama ataruhusiwa kuandika. Mimi nilikuwa nimekodolea macho picha ya koo iliyobandikwa ukutani, na machozi yananilengalenga, mtu mzima na mvi zangu.

Tulipofika nyumbani nilimwomba akae kitini niirekodi sauti yake, asome hata ukurasa mmoja wa kitabu chochote. Akanijibu kwamba yeye si redio. Basi nikapiga moyo konde nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika ndoa yetu: nikamrekodi kwa siri. Kwa wiki tatu simu yangu ilikaa nyuma ya kopo la sukari jikoni, juu ya kabati la nguo, na siku moja ndani ya kiatu. Nilipata rekodi sitini na tatu. Sitakuficha, Mhariri. Katika rekodi hamsini na nane kati ya hizo, mke wangu ananigombeza.

Lakini ananigombeza vizuri jamani! Rekodi ya saba inahusu viatu vyangu mkekani, na ina pumzi, ina mpangilio, inapanda na kushuka, mpaka unatamani ungevivua mara ya pili uanze kugombezwa upya. Rekodi ya ishirini na mbili anapiga pasi na kuimba, anasahau maneno ya ubeti wa pili, anautukana ubeti, kisha anaendelea. Na rekodi ya thelathini na moja ananiita kutoka uani kwa jina alilonipa kabla hatujaoana. Jina lenyewe sitaliandika hapa, kwa kuwa wewe na mimi hatujafahamiana kiasi hicho.

Hizo ndizo rekodi nilizotaka zikae salama, kama sauti haitarudi. Nikasoma makala yako, nikafuata kila neno. Na leo hazipo. Malalamiko yangu, kwa hiyo, ni haya:

1. ADABU. Uliandika, nanukuu: "Hakuna diski ya kuaminika, kuna diski ambazo bado hazijafa." Ndugu Mhariri, hiyo ndiyo sentensi ya kumwandikia mtu asubuhi, kikombe cha chai kiko mkononi? Mtu amekuuliza achague diski ipi, wewe unamtangazia msiba. Fundi seremala ukimwagiza kitanda hakwambii kwamba vitanda vyote huvunjika. Anakukabidhi kitanda, anakutakia heri, na mambo mengine anayaacha yatokee yenyewe.

2. NAMBA. Uliagiza ninunue sanduku la kuhifadhia lenye diski mbili, liunganishwe na mtandao wa nyumbani, diski moja iwe inaiga kila kitu cha mwenzake, ili mmoja akifa mwingine abaki na urithi wote. Nikatii. Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya kompyuta, ambalo fundi wake ni mama mmoja mwenye miwani machoni na nyingine kichwani. Alinieleza kwa uvumilivu kwamba nisichukue diski za kawaida za kompyuta ya mezani, nichukue zile zilizotengenezwa kufanya kazi saa ishirini na nne bila kuzimwa. Mpaka hapo tulielewana kabisa.

Kisha akanitolea diski moja kutoka boksi hili na nyingine kutoka boksi lile. Nikatazama namba zilizobandikwa migongoni mwake. Zilikuwa zimepishana vibaya sana! Moja imeanzia huku, nyingine kule, hazijuani. Nikamwambia mimi nimefanya kazi masjala, siwezi kuishi nyumba moja na namba zisizofuatana. Akashusha ile miwani ya kichwani, akanitazama kwa zote mbili, akasema ana sababu zake za kuzichanganya. Nikamwambia na mimi nina zangu. Basi nikapewa mbili za boksi moja, zinazoishia na 417 na 418, nikatoka dukani nikitembea kama bwana harusi.

Wiki iliyofuata, nasema wiki iliyofuata, Mhariri, ndipo ukachapisha sehemu ya pili ya makala! Ndipo ukatueleza kwamba diski zilizotoka kiwandani siku moja, kwenye boksi moja, ni kama ndugu wa tumbo moja waliorithi ugonjwa mmoja, na zikianza kufa hufuatana. Kweli zilifuatana. 417 ilikufa Jumanne, na 418 ikafa Ijumaa, siku ileile niliyokuwa nimevaa shati la kwenda kumtafutia mwenzake mwingine. Hata kifo wamekufa kwa mpangilio wa namba. Kwa nini mambo ya maana uliyaweka sehemu ya pili? Mimi ningekuwa mhariri, sehemu ya pili ningeichapisha kwanza.

3. MAKAZI. Uliandika "liweke sanduku mahali salama." Salama, kwa mtu wa masjala, maana yake ni kabati la chuma lenye kufuli mbili. Kabati ninalo, niliagwa nalo siku ya kustaafu. Nililifunga sanduku kwa kitambaa kizito cha kijani lisipate vumbi, nikaliweka rafu ya katikati, nikatupia vidonge sita vya kufukuza nondo, nikatoboa tundu moja la waya, nikafunga kufuli zote mbili na ufunguo nikauvaa shingoni. Fundi alipokuja kutazama maiti aligusa mlango wa kabati, akauondoa mkono haraka, akaniuliza kama nilikuwa nazihifadhi au nazioka.

Nasikia baadaye uliandika kwamba diski zinahitaji hewa. Majalada yangu yalikaa kwenye kabati la namna hiyo miaka thelathini na minne, na hakuna hata moja lililowahi kuomba hewa. Kama diski ni dhaifu kuliko karatasi, ungesema mapema tukanunua karatasi.

4. NAKALA. Hapa naomba uvumilivu. Kanuni ya kwanza ya masjala ni kwamba kumbukumbu ikishahamishiwa kabati jipya, ile iliyobaki kabati la zamani inaondolewa. La sivyo siku moja utakuta watu wawili wameshika karatasi mbili, kila mmoja anaapa yake ndiyo halisi, na wewe karani uko katikati. Kanuni hii nimewafundisha makarani wadogo kumi na wanane, na wengine sasa ni wakubwa.

Kwa hiyo nilipoziingiza rekodi zote kwenye sanduku, nilikaa na simu yangu mezani nikazifuta moja baada ya nyingine. Kila nikifuta moja nilikuwa naandika daftarini "imehamishwa" na kuweka sahihi. Sahihi sitini na tatu. Nilipomaliza nikafuta na kwenye kompyuta ya mezani, kwa uhakika zaidi. Niliona raha ya ajabu. Nilijiona nimerudi kazini.

Wewe unasema, kwa herufi ndogo, chini ya tangazo la mashine ya kufulia, kwamba diski mbili zinazoigana ndani ya sanduku moja si akiba, na kwamba akiba ni nakala iliyokaa mahali pengine kabisa. Hivi kitu cha namna hiyo ni cha kuandikwa chini ya mashine ya kufulia? Nilipokisoma, mke wangu alikuwa wiki ya pili tangu operesheni, amekaa mbele yangu anamenya chungwa, kimya. Nilikunja gazeti nikaenda bafuni nikafungulia maji.

5. MAONYO. Fundi anasema sanduku lilikuwa linanitumia barua pepe za maonyo kwamba diski zina joto na zinaumwa. Sikatai. Lilituma kumi na saba. Nilizichapisha zote kwenye karatasi, nikazitoboa, nikazifungulia jalada, nikaliandika juu yake BARUA ZINAZOINGIA: ZISIZO ZA HARAKA. Ulitaka nifanyeje? Lugha yake ilikuwa ya upole mno. Onyo la tisa lilianza na neno "Tafadhali." Katika utumishi wangu wote, barua inayoanza na tafadhali hukaa trei ya chini miezi mitatu, na hakuna aliyewahi kufa kwa sababu hiyo.

6. USAILI. Fundi alizifungua marehemu zote mbili, akajaribu kila alichokijua kwa siku nne, mwishoni akaniita akanionyesha zile sahani za ndani zinazoshika kumbukumbu, zilivyochubuka. Akanipa pole ya kweli, nashukuru. Nikamwambia sawa, yaliyopita yamepita, lakini safari hii siokoti tu diski rafuni, safari hii nafanya usaili.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja na daftari langu. Nikauliza diski ya kwanza ina umri gani. Mpya kabisa, akasema fundi. Nikauliza imefanya kazi wapi. Haijafanya popote. Nikauliza nani anaidhamini. Akanijibu kwamba diski mpya nazo huwa na tabia ya kufa changa, wiki za mwanzo mwanzo, na zikishavuka hapo hutulia miaka kadhaa, kisha uzee ukizifika zinaanza tena. Nikamwambia kumbe umri mzuri ni wa katikati, basi naomba diski ya makamo, iliyotulia, yenye barua ya sifa kutoka kwa mwajiri wake wa mwisho. Fundi akasema zilizotumika zipo, ila wapo wauzaji wanaozirudisha nyuma saa zake za kazi ili zionekane changa. Nilichoka! Yaani hata diski zinapunguza umri, kama mtumishi anayeona kustaafu kunakuja.

Akaniambia nisihofu, kuna waranti ya miaka mitano, ikifa naletewa nyingine. Nikamuuliza, hiyo nyingine itakuja na nini ndani? Akasema itakuja tupu. Basi, Ndugu Mhariri, waambie watengenezaji kwamba diski tupu ninazo za kutosha. Ninazo mbili.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa nikueleze hali ilivyo nyumbani, ili usidhani nabishana na wewe kwa kukosa kazi ya kufanya. Leo ni wiki ya tano. Mke wangu hajui kwamba nilimrekodi, na kwa hiyo hajui kwamba nimempoteza. Anaandika kwenye daftari la shule kwa kalamu nyekundu, na ananisahihisha hata orodha ya sokoni. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia jokofu likiwaza. Naangusha vitu kwa makusudi, naacha taa ya bafuni inawaka, na hakuna kinachonipata. Juzi aliniandikia: "Mbona siku hizi mchafu hivyo? Unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Akaandika chini yake, kwa wekundu uleule: "Alama tatu kwa kumi."

Wiki ijayo daktari atamwambia afungue kinywa aseme neno. Nilikuwa nimejipanga kwamba kama hakitatoka kitu, nitampeleka sebuleni, nitafungulia rekodi ya ishirini na mbili, nimwambie sauti yako hii hapa, haijaenda popote, mimi nimeitunza, hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Sasa nitampeleka sebuleni nimwonyeshe nini, Mhariri? Kabati?

Kwa sababu hiyo naleta kwako maombi manne. Nayapanga kuanzia jepesi.

(a) Kila diski iandikwe mgongoni tarehe ya kufa, kama dawa za dukani. Ikifa kabla ya tarehe, kiwanda kizima kije kutoa pole, wakiwa wamevaa kiofisi.

(b) Diski inayotaka kuacha kazi itoe taarifa ya miezi mitatu kwa maandishi, kwa wino mwekundu, na isitumie neno tafadhali. Ikiwezekana barua iletwe kwa mkono na isainiwe.

(c) Kabla ya kuuzwa, kila diski iapishwe mbele ya mashahidi wawili kwamba haina ndugu ndani ya nyumba inayokwenda, na kwamba haikupunguza umri.

(d) Ikiwa hayo matatu yatashindikana, na fundi ameniambia yatashindikana, basi kwa kuwa ni wewe uliyesema hakuna diski ya kuaminika, naomba uje wewe mwenyewe. Nimelifikiria hili kwa siku sita na sioni kasoro yake. Mke wangu akipata sauti, nitamrekodi upya, na wewe utazisikiliza rekodi zote mpaka uzikariri kwa pumzi na milio yake, kisha utahifadhiwa nyumbani kwetu, chumba cha wageni. Kina dirisha, kwa hiyo hewa hutaikosa, nimejifunza. Kabati la chuma silitumii tena kwa kazi hiyo. Mara moja kwa wiki nitakukagua kwa kukutaka unigombeze kuhusu viatu.

Hata hivyo, kwa mujibu wa makala yako mwenyewe, mhariri mmoja hatoshi. Tutahitaji mhariri wa pili, naye asiwe ndugu yako wala msisome shule moja, ili ugonjwa wa mmoja usimpate mwingine. Na kwa kuwa nyinyi wawili chini ya paa moja bado si akiba, tutahitaji wa tatu, akae mji mwingine kabisa, mahali pasipofikiwa na moto wa nyumba hii wala bomba likipasuka. Huyo wa tatu awe na kumbukumbu nzuri na familia inayoelewa. Mkianza kusahau mtanijulisha kwa wino mwekundu. Likizo mtachukua kwa zamu, kamwe msiondoke wote pamoja. Natambua kwamba gazeti litabaki bila wahariri, lakini ukipima gazeti na rekodi ya thelathini na moja, nadhani hata wewe utaona ipi iokolewe kwanza.

Naomba majibu kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, siku ya daktari. Naomba pia barua hii uichapishe ukurasa wa matangazo ya nyumba za kupanga, ambao mke wangu haupitii.

Nifikishie salamu kwa wahariri wenzako, hasa wale wenye kumbukumbu nzuri, kwa mpiga chapa, kwa msambazaji wa magazeti anayelirusha gazeti kwenye maji kila Jumatatu, na kwa huyo aliyeweka tangazo la mashine ya kufulia. Msalimie na mkeo, kama unaye, na ukifika nyumbani leo msikilize, hata akiwa anasema mambo uliyokwisha kuyasikia.

Ndimi niliyeipa kila barua namba yake na bado nikapotelewa,

Karani Mstaafu wa Masjala
(Jina na anwani havikuandikwa, kwa kuwa siamini tena mahali pa kuvihifadhi.)

TANBIHI: Bahasha nilikuwa nimeshailamba, na imenibidi niichane. Ndugu Mhariri, maombi yote manne nayaondoa. Usije. Na wenzako wasije.

Nilikuwa chumbani naandika anwani yako, na sebuleni alikuwa ameingia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni msusi na ana saluni upande wa pili wa mji. Ghafla nikasikia sauti ya mke wangu. Ina mkwaruzo kidogo, lakini ni ile yenyewe, ya kuita madarasa, inanishambulia kwa ajili ya taulo lililolowa juu ya kitanda. Nilitoka mbio na kalamu mkononi, nikajigonga kwenye stuli, nikafika nachechemea. Mke wangu alikuwa amekaa, kinywa kimefungwa. Sauti ilikuwa inatoka kwenye simu ya shemeji.

Kumbe mke wangu alijua tangu siku ya kwanza! Daftari lake lilinieleza yote, kwa wino mwekundu, ukurasa mzima: nani anaficha simu nyuma ya sukari kwenye nyumba ya wanywa chai? Kila jioni nikiwa naoga, alikuwa anaichukua simu yangu na kumtumia mdogo wake rekodi za siku hiyo, na maneno haya: "Msikilize huyu mume wangu." Shemeji akamtumia binamu yao muuguzi, binamu akawatumia walimu wastaafu, na walimu unawajua. Zote sitini na tatu zipo, pamoja na nne ambazo mimi nilizitupa kwa kuwa hazikusikika vizuri. Zimo kwenye simu kumi na moja, hakuna mbili zilizotoka duka moja, kwenye nyumba tisa, na hakuna hata moja iliyofungiwa kabatini. Wateja wa saluni wanazijua kwa moyo. Hakuna karani aliyesimamia kazi hiyo, wala hakuna aliyetia sahihi.

Tulikaa tukazisikiliza, sisi watatu. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo katika kuzipanga na kuzipa namba sikuligundua. Kwenye kila rekodi kuna sauti ya pili. Ni yangu. Najieleza. Katika rekodi ya arobaini na nne namweleza mke wangu kwa dakika nne nzima kwa nini kijiko kikubwa hakipaswi kukaa droo moja na vidogo, nataja na vifungu. Mwishoni kabisa unasikia anavuta pumzi ndefu, anasema, "Haya, umemaliza?" na mimi najibu, "Bado."

Basi mke wangu akacheka.

Daktari alikataza sauti yoyote mpaka wiki ijayo, lakini kicheko hakikumuuliza daktari. Kilitoka chembamba, kimepasukapasuka, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Hakikuwa kicheko cha Kengele hata kidogo. Mwenyewe alishtuka akajishika koo, na sisi wawili tukaganda tunamtazama. Kisha akanitazama usoni, sijui aliona nini, akacheka tena.

Simu ya shemeji ilikuwa mkononi mwake kabisa, na yangu mfukoni. Hakuna aliyerekodi. Na mimi sikumwomba arudie.